Shemeji wa Lindi atuache na mpira wetu wa yai, na ile 200 aseme aliisoma wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji wa Lindi ambaye wiki mbili zilizopita mlimwachia nafasi kubwa mpaka nikashangaa, akamwaga maneno kuhusu sisi vijana wa magari wa Mtwara (vijana nasema, mi mwenyewe nina miaka 43). Alisema mambo matatu. Kwamba tunakesha kuangalia mpira wa Kimarekani, huo wa yai, kwa sababu timu yetu Ndanda ilishuka daraja na hatuna cha kuangalia, kwamba mpira wenyewe ni raga ya waoga ndo maana wanavaa helmeti, na kwamba Subaru za Mtwara ni kelele tu, Crown yake ilishatuacha barabarani "ikisoma 200". Jina hakuweka, kasaini tu Mpenda Spidi, Lindi.

Mhariri, mi namjua huyo. Kwa jinsi anavyoandika "kiukweli" kila baada ya maneno matano, namjua. Huyo ni shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu wa kike, na mahari yenyewe mpaka leo kuna kipande hakijafika, kwa hiyo wasomaji wakiona namnanga hapa wasidhani ni ugomvi, ni mambo ya shemeji na shemeji, yeye ameamua kuyapeleka gazetini basi na mimi nimefuata huko huko.

Hilo la Ndanda nianze nalo maana linauma. Ndio, tulishuka 2020, na ukipita Nangwanda Sijaona siku ya Jumamosi hakuna kitu unakumbuka zile kelele za wakati Simba na Yanga wanakuja huku wenyewe wanalalamika safari ndefu. Lakini shemeji usijifiche nyuma ya Namungo. Namungo ni ya Ruangwa, we uko Lindi mjini, kutoka kwako mpaka uwanja wa Majaliwa ni safari ya kubeba chapati njiani, goli unalisikia redioni kama mimi tu. Walipoingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21 tulishangilia Kusini nzima, hukuwa peke yako.

Na mpira wa yai hatukuanza kuuangalia kwa sababu ya njaa ya Ndanda. Ulikuja na wageni wa gesi asilia. Kile kipindi nyumba za Shangani hapa mjini zinapangishwa kwa dola na kila mtu mwenye Noah kawa dereva wa wageni, kuna mzungu mmoja wa Houston alikuwa anakuja dukani kwangu kununua bushi na shokapu za Land Cruiser ya kampuni, mtu mzima, mpole, anapenda dafu. Siku moja nikamuuliza kwenu mnashabikia nini, akaniambia timu yangu ilihamishwa. Nikajua nimesikia vibaya. Kumbe kweli, walikuwa na timu inaitwa Houston Oilers, jina la watu wa mafuta kabisa, 1997 mwenye timu akaibeba akaipeleka Tennessee, na huyu mzee miaka yote hiyo bado anaongea kama mtu aliyeibiwa jana. Nikamwambia pole, na sisi yapo hayo, na juzi 2024 Ihefu ilivyotoka Mbarali ikaibukia Singida na jina jipya nikamkumbuka sana yule mzee. Alipoondoka aliniachia mpira wake. Ule mpira tuliurusha pale ufukweni Shangani mpaka ngozi ikawa kama soli ya kandambili.

Sasa kuhusu raga ya waoga. Shemeji, raga ukishikwa unaachia mpira mchezo unaendelea. Huku kuna hesabu. Timu inapewa mara nne za kusogeza mpira yadi 10, hiyo ni mita tisa na kitu, ukizifikisha unapewa nne nyingine, ukishindwa mpira anachukua mwenzio. Ukiubeba mpaka mwisho ni tachidauni, pointi 6, ukiona huwezi unapiga teke lipite katikati ya vile vyuma vya goli, pointi 3, unarudi nyumbani na chochote. Utamu uko kwenye ile mara ya nne, kwamba nijaribu tena au nichukue changu kidogo niondoke. Na pembeni ya uwanja kuna watu wanashika mnyororo, mnyororo kweli wa chuma, urefu yadi 10, wakibishana mpira umefika au haujafika mnyororo unaletwa, unavutwa, watu 70,000 wanakaa kimya. Siku hizi wameleta kamera zipime lakini mnyororo bado uko pale pembeni. Huo mnyororo wasomaji waukumbuke, nitaurudia.

Nakubali kimoja tu, mchezo unasimama sana. Saa moja ya mchezo inakula masaa matatu, matangazo mengi kuliko mpira, na kwa huku kwetu zile mechi kubwa zinaanza saa nane na nusu usiku, bando linakwisha watu wako mapumziko. Hapo shemeji ana haki.

Timu yangu ni Detroit Lions. Watu wananiuliza kwa nini usichague timu inayoshinda, nawaambia mi nauza spea, nichague mji gani mwingine? Detroit ndo mji wa magari, timu ni ya familia ya Ford, wale wale wa magari, na uwanja wenyewe unaitwa Ford Field. Tatizo ni kwamba hii timu ni kama gari la urithi, mnalipenda wote na haliwaki. Ubingwa wa mwisho 1957. Super Bowl, ile fainali yao kubwa, haijawahi kucheza hata moja. Mwaka 2008 ilicheza mechi 16 ikapoteza 16, yani hata sare ya kuokota hamna.

Ndo ikafika ile mechi ya kuamkia Jumatatu 29 Januari 2024, ya kwenda Super Bowl, sisi na San Francisco. Shemeji alikuja Mtwara weekend hiyo kumleta mdogo wangu kusalimia, akasema yeye ni San Francisco, lini alianza hakuna anayejua, nadhani alianza jioni ile ile. Tukawekeana, anayefungwa anaosha gari la mwenzie ndani na nje. Tuko watu sita kwa fundi wangu, simu moja imeegemezwa kwenye dumu la oili, chai na mihogo ya kukaanga. Mapumziko tunaongoza 24-7. Mi nikampelekea shemeji ndoo na sabuni ya unga kabisa nikaweka miguuni kwake.

Kosa langu lile, ndoo.

Kipindi cha pili kwotabeki wao, yule mwenye kazi ya kurusha, akarusha mpira mrefu, beki wetu yuko pale, mpira ukampiga kwenye helmeti, ukadunda juu kama nazi imeanguka kwenye bati, yule Aiyuk wa San Francisco akaanguka nao mikononi. Yadi 51. Alafu kocha wetu Dan Campbell, mtu ninayempenda, mara mbili akakataa zile pointi 3 za teke akataka kuendelea mara ya nne, mara mbili akakosa. Pointi 6 hizo. Mechi ikaisha 34-31, tumekufa kwa pointi 3. Saa kumi na mbili asubuhi, jua linatoka, mi naosha Crown nyeupe ya mtu wa Lindi, na watoto wanaoenda shule wananiangalia. (San Francisco wake alienda fainali akafa 25-22 na Kansas City dakika za nyongeza, hilo kwenye barua yake kalisahau. Na mimi nisijifiche, mwaka uliofuata tulishinda mechi 15 kati ya 17 tukaja kupigwa nyumbani kwetu 45-31 na Washington.)

Tuje kwenye magari sasa, maana hapa ndo kaandika mambo ya ajabu.

Subaru yangu ni Foresta ile ya XT, lita 2.0 yenye turbo, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220. Crown yake Athlete ya 2.5, V6, farasi 215. Sasa hapo kuna mbabe? Hayo magari ni ndugu. Foresta inavuta miguu yote minne, ukiondoka nayo taa ya kijani inaruka kama swala, Crown ni nzito ila ikishachanganya inatulia, inateleza kama jahazi limepata kusi. Ukitaka kulinganisha na ule mpira, Foresta ni wale wembamba wanaotumwa mbele kudaka, Crown ni yule anayebeba mpira kifuani anapita katikati ya watu, na Fuso la korosho ndo wale wa mstari wa mbele wenye kilo 140 ambao karibu wote hawagusi mpira mechi nzima ila bila wao hakuna anayefika. Vijana wa hapa wameshalipenda hilo, mtu akipita na Fuso wanamwita laini, yani wa mstari.

Lakini 200! Shemeji. Magari ya kuagiza Japani, kwa makubaliano ya wenye viwanda wenyewe, yanafungiwa kwenye 180, na dashibodi ya Crown yako namba ya mwisho iliyoandikwa ni 180. Nimeikalia ile gari, nimeifuta hiyo dashibodi kwa mikono yangu ile asubuhi ya Januari, naijua kila vumbi lake. Mshale ukapita 180 ukaenda wapi, kwenye redio?

Na hapa ndo nataka kusema jambo. Wamarekani kwa kubishana wametuzidi, ila kila ubishi wao una kipimo, kama ule mnyororo. Mchezaji akisema ana mbio anapelekwa kukimbia yadi 40, mita 36 na nusu, anapigwa saa. Mwaka 2024 dogo mmoja Xavier Worthy alikimbia kwa sekunde 4.21 akavunja rekodi ya 4.22, ubishi kwisha, hata mama yake hakuhitaji kumsifia. Gari ni hivyo hivyo, robo maili, mita 402 zilizonyooka, saa inaanza saa inasimama. Dodge walivyotoa Challenger yao ya Demon ya 2018, farasi 840 ukiiwekea mafuta yao maalum, hawakusema inasoma ngapi, walisema mita 402 kwa sekunde 9.65. Gari la barabarani hilo, lina namba na taa za kuonyeshea. Sisi huku gari linapimwa kwa mdomo, na mwenye mdomo mkubwa ndo mwenye turbo.

Sasa niwaambie siku yenyewe aliyotuacha, maana kaiandika nusu. Ilikuwa Jumapili mwishoni mwa Aprili 2024, mvua imekata kidogo, yeye anarudi Lindi mi nikasema namsindikiza. Pale kijijini Msijute tukapita kistaarabu, kuna watu na malori. Baada ya hapo barabara ikanyooka, akanipigia taa, na mimi nikakanyaga. Ujinga, najua, barabara ya watu ile, kuna baiskeli zina magunia ya mkaa na watoto wanaotoka kanisani, fundi wangu alikuwa pembeni yangu ananiambia kaka punguza na mi namsikia vizuri kabisa. Kabla ya Mpapura mshale wa temprecha ukaanza kupanda. Nikauona. Hapo ndo ilikuwa mara yangu ya nne, Mhariri, niegeshe nichukue pointi zangu 3 au niendelee, na mi niliyemtukana Dan Campbell miezi mitatu nzima nikaendelea. Hosipaipu ya juu ya rejeta ikapasuka, mvuke ukatoka kwenye boneti kama tumeinjika wali.

Tukaegesha. Kuna mama pale anauza mihogo na korosho za kubangua, nikamwamkia, nikamwambia mama naomba maji. Akaniuliza, ya kunywa au ya gari? Nikasema ya gari. Akasema ya gari elfu mbili dumu. Nikauliza na ya kunywa? Ya kunywa bure baba, kaa kivulini. Tukakaa nusu saa injini ipoe maana mfuniko wa rejeta ukiufungua na moto unajitia ulemavu, na katika hiyo nusu saa likapita lori la simenti limejaa, linaenda spidi 50, tandiboi akatoa kichwa dirishani akaita "Subaruuuu" akapotelea mbele. Laini kapita. Shemeji nae akageuza, akaja, sio kusaidia, kuchukua video.

Hiyo hosipaipu yenyewe, niliunga kwa mpira wa baiskeli nikafika nyumbani, nikaagiza Kariakoo, ikiwa kwenye basi ndo kikaja kile kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei, barabara ikakatika kule Somanga, spea za nusu ya Mtwara zikakaa ng'ambo na mimi mwenye duka la spea natembea na bodaboda. Wateja walifurahi sana.

Ila kitu ambacho shemeji hakuandika ni hiki. Alipomaliza video akaondoka kwa mbwembwe, akafika Mnazi Mmoja kwenye kibao cha 50 wakamkamata na tochi. Elfu 30. Risiti alimpa mdogo wangu aiweke kwenye mkoba, mdogo wangu akanitumia picha, undugu haununuliwi. Inasoma 78. Kwa hiyo wasomaji, tangu Crown ile itoke Japani, namba pekee iliyowahi kupimwa na chombo ni 78, na imesainiwa na trafiki.

Ndo maana nasema tupate mita 402 zetu. Hata Wamarekani walianzia barabarani na kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa, vijana wanakufa, ndo mwaka 1951 kikaanzishwa chama chao cha mbio hizo za magari, NHRA, na shindano lake la kwanza rasmi, Aprili 1953, lilifanyika kwenye maegesho ya viwanja vya maonyesho huko Pomona, California, na polisi wa ule mji walikuwa upande wao. Viwanja vya maonyesho! Na sisi Kusini tunavyo, Nanenane pale Ngongo, wiki moja ya Agosti pamejaa trekta na mbuzi wa kisasa, miezi mingine upepo tu. Inauma kusema maana Ngongo ni Lindi, nimetafuta Mtwara mahali pa kushindana napo nimekosa, basi. Halmashauri na polisi wakae, waangalie lami inatosha au wanyooshe kipande, mita 402 za kukimbia na nyingine zisizopungua hizo za kusimamia, gari la wagonjwa liwepo, mikanda ifungwe, magari mawili mawili, waandikishe kwa hela, hela waweke kwenye vyoo vya viwanja. Mapumziko vijana wacheze ule mpira wa yai wa kunyang'anyana vitambaa, watano watano, hamna kugongana, unachomoa kitambaa kiunoni mtu kasimama. Huo utakuwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, na hapa Shangani wanaucheza kila jioni na vipande vya kanga vya mama zao.

Kipimo naleta mimi, kamba ya mita 50 ya mafundi ujenzi, tutaivuta mara nane na kuongeza mita mbili. Saa alete mtu ambaye si wa Lindi wala wa Mtwara, tumwombe wa Masasi.

Na shemeji nimeshaongea na mjomba. Crown ikishinda, ile laki mbili ya mahari iliyobaki tunaisahau, mjomba kasema sawa. Foresta ikishinda ailete yote kabla ya korosho za mwaka huu, na ndoo nakuja nayo mwenyewe, ile ile.

Wako,
Muuza spea,
Chikongola, Mtwara